Jua Lilipofika Ukuta wa Mtoni

Tulimzika Désiré huko Nakivale, kambini kwetu Uganda, kwenye udongo mwekundu ulio juu ya ziwa, na siku ile jua liliwaka kwa namna ambayo yeye mwenyewe asingeipigia picha. Lilikuwa jua la saa sita, linalobana vivuli chini ya nyayo na kuzifanya nyuso zote zifanane. Yeye alikuwa akiliita jua la vipofu. Baada ya maziko tulikaa kwenye mikeka nyuma ya nyumba yake, Warundi wakisali rozari, sisi Wakongo tukisubiri wamalize ili tuimbe zetu, na binti yake akaja akanipa kitu kilichoviringishwa ndani ya soksi ya sufu. Sikuhitaji kufungua. Nilikipapasa kwa vidole nikajua ni pima maji yake, kile kipande cha alumini chenye kichupa cha maji ya kijani na kiputo cha hewa ndani yake. Mafundi wa ujenzi huitumia kujua kama tofali limelala sawa. Désiré aliiweka juu ya kamera kabla ya kila picha. Riziki, dada yangu mkubwa, ambaye kama ilivyo kwetu namwita Yaya, alikuwa amekaa ubavuni mwangu. Aliitazama soksi, akatazama ziwa. "Na hatukuisikia," alisema.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa nimeacha Nakivale kwa mara ya kwanza, kwenda Mbarara kufanya kazi kwa Désiré. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya duka la rangi, hakina dirisha hata moja, na kila kitu ndani yake kilinuka tina, ile dawa ya kuzimulia rangi: kamera, nguo zetu, hata maharage tuliyoletewa mchana na mama wa jirani juu ya matoke, kwenye sahani iliyofunikwa kwa sahani. Nimekula sehemu nyingi tangu hapo na bado sijapata maharage yenye ladha ile ya chumvi, moshi na rangi ya mafuta. Huko nyuma, kwenye giza, ndiko nilikojifunza mwanga. Désiré hakupiga picha za harusi wala za ubatizo. Alipiga majengo. Mjini pale mtu akimaliza jengo lake hutengeneza kalenda: jengo juu, miezi chini, jina lake kwa herufi za dhahabu, na mwisho wa mwaka huigawa kwa wapangaji, kwa mapadri, kwa jamaa, ili mwaka mzima lisisahaulike. Wenye majengo walitaka kitu kimoja, jengo lote lionekane, na kama kuna mti mbele yake ukatwe. Désiré alitaka kinyume chake. Aliwaambia kwa upole, kwa Kiswahili chake cha Bujumbura, kwamba ukuta peke yake ni sanduku, kwamba kinachoufanya uwe nyumba ni kivuli cha tawi kinachotembea juu yake, ndege waliokaa kwenye paa, ukungu unaopanda kutoka mtoni na kuficha ghorofa ya chini kiasi kwamba zile za juu zinaelea. Wengine walicheka. Wengine wakamwita mchawi. Lakini kalenda zilipotoka, watu walizitundika hata baada ya mwaka kwisha.

Mmoja wa waliomwamini alikuwa mwanajeshi mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Afande. Alikuwa na ng'ombe huko Masha, nje ya mji, na jengo la ghorofa nne bondeni, karibu na mto Rwizi, mahali ambapo miaka michache kabla palikuwa pamesimama mafunjo marefu kuliko mtu. Yalikatwa, kifusi kikamwagwa juu ya tope, jengo likapanda haraka, likapakwa rangi ya maziwa. Alikuja chumbani kwetu mwezi wa Januari, akakaa kwenye ndoo ya rangi iliyogeuzwa, akasema anataka kalenda ambayo hakuna mtu mwingine anayo. "Mtu ya picha, mimi nataka jumba yangu kila mwezi. Januari jumba, Februari jumba. Watu waone iko palepale, haichoki." Nilipomtazama Désiré niliona macho yake yamekwenda mbali. Alikuwa anaona picha kumi na mbili kutoka mahali pamoja, saa moja ileile ya asubuhi, na jua likihama kutoka upande huu wa jengo kwenda ule. Mbarara iko karibu sana na mstari wa ikweta. Nusu ya mwaka jua hupita kaskazini, nusu nyingine hupita kusini. Jengo lisingesogea. Mwanga ndio ungelizunguka. Walishikana mikono. Afande akiwa mlangoni aligeuka akasema kuna chumba chini, upande wa mtoni, bado hakijapata mtu, na kama nina ndugu anayetafuta mahali nimwambie.

Ndivyo Yaya Riziki alivyofika katika jengo lile. Alikuwa msusi, mikono yake ilijulikana Base Camp nzima, mtaa wetu kule Nakivale, na alikuwa amelala chini ya shitingi, yale maturubai meupe tunayopewa wakimbizi, tangu nilipokuwa mtoto. Siku ya kwanza hakupanga vitu. Alifunga mlango kwa ufunguo, akaufungua, akaufunga tena. Sakafu ilikuwa ya saruji na aliifuta kwa kitambaa kilicholowa mpaka ikawa nyeusi na kung'aa. Dosari ilikuwa moja: dirisha lake lilitazama ukumbi wa ndani, na ukuta wa nyuma, ule wa mtoni, ulikuwa mzima, hauna tundu. Kwa hiyo alisukia watu kwa taa ya umeme hata mchana, akiwa ameegemeza kioo kikubwa kwenye ukuta huo. Jumapili nilikwenda kula kwake bugali na sombe, ugali wetu na kisamvu, naye alinielezea majirani wake mmoja mmoja, nani anakoroma, nani anagombana na mumewe kwa Kinyankole na kupatana naye kwa Kiswahili. Sauti zao zilipita kuta kama vile hakuna kuta. Sijawahi kumwona na furaha kama ya miezi ile.

Désiré alichagua jiwe. Lilikuwa jiwe pana ng'ambo ya kijia, upande wa mto, lililobaki pale kwa sababu hakuna aliyeweza kulisogeza. Juu yake alichora alama tatu kwa rangi nyekundu, moja kwa kila mguu wa stendi ya kamera. Tulifika kabla jua halijatoka, viatu vikiloa, mafunjo yaliyosalia yakinong'ona nyuma yetu na ndege wanaofuma viota wakianza kelele zao. Aliweka pima maji juu ya kamera, akasubiri kiputo kitulie katikati, kisha akasubiri jua. Kusubiri ndiko kulikokuwa kazi yenyewe. Mara nyingi nililalamika baridi. Yeye alisema, "Jua halina haraka, Mapendo. Ni weye uliye na haraka." Picha ya Machi ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Mwezi huo jua lilitoka mashariki kabisa, likapita sambamba na ukuta wa mtoni, likaugusa kama mtu anayepitisha kiganja juu ya shuka aliyoitandika. Ukuta ulikuwa bapa. Hakukuwa na kivuli hata cha punje ya mchanga. Baada ya hapo jua lilivuka kwenda kaskazini na ukuta huo ukaingia gizani, na kwa miezi mingi picha zetu ziliuonyesha kama pazia la rangi ya majivu, wakati upande wa barabarani ukiwaka dhahabu.

Sasa nieleze kazi yangu, kwa sababu ndimo kosa lilimoingia. Kila mpiga picha wa majengo hunyoosha. Kamera ikiinama hata kidogo, jengo kwenye picha hulala, na mwenye jengo akiona ukuta wake umelala anadhani ametukanwa. Nilikaa mbele ya kompyuta nikivuta mistari mpaka iwe wima. Picha za mwanzo hazikuhitaji kuvutwa. Kamera ilikuwa sawa, jengo lilikuwa sawa. Ya Mei ilihitaji kuvutwa kidogo, upande wa mto. Ya Juni ilihitaji zaidi. Nilimwambia Désiré, naye akaja akainama nyuma yangu, akatazama kwa muda, kisha akasema ni jiwe. Ardhi ile ni tope, alisema, jiwe linazama. Lakini kiputo kilikaa katikati, nikamwambia. Akaitoa pima maji, akaitikisa sikioni. Ilikuwa imewahi kuanguka barabarani kutoka kwenye bodaboda, kwenye njia ya Kabingo, na tangu hapo aliishuku. Ikawa hivyo. Mwezi wa Julai tulipofika kwenye jiwe hakuangalia kiputo. Alitazama jengo kupitia kamera na kurefusha mguu mmoja wa stendi mpaka ukuta ukaonekana wima. Kiputo kilikuwa kimekimbilia pembeni, kimeganda huko kama jicho la mtu anayekutazama bila kugeuza kichwa, na sisi tulikipuuza. Kati ya ghorofa nne na matone machache ya maji ya kijani, tuliamini ghorofa.

Ishara nyingine zilikuja moja moja, na kila moja ilikuwa na sababu yake. Korongo wale wakubwa wenye upara, ambao Waganda huwaita kaloli, walikuwa wamejaa kwenye ukingo wa paa mwanzoni mwa mwaka. Kufikia Agosti walikuwa wamehamia mikaratusi ya ng'ambo. Afande alifurahi, maana walimchafulia rangi. Mlango wa fundi cherehani wa ghorofa ya pili ukaanza kukwama, naye akaukata chini kwa msumeno. Yaya alilalamika kwamba kioo chake hakitulii, kila asubuhi kimeteleza kidogo, akakiwekea vipande vya kadibodi. Mvua za Septemba zilianza mapema, mto ukapanda na kuwa wa rangi ya chai ya maziwa. Sikuunganisha mambo haya. Nani angeyaunganisha? Yalikuwa maisha ya nyumba, na nyumba zote huwa nayo.

Jumapili moja ya Oktoba nilikwenda kwa Yaya mapema, kabla ya misa. Alinifungulia akiwa anacheka, akaniziba macho kwa viganja, akanisukuma ndani. "Fungua. Angalia vile Mungu amenipa dirisha." Kwenye sakafu yake nyeusi ulikuwa umelala mstari wa jua, mwembamba kama uzi wa kusukia, ulionyooka kutoka kwenye kona hadi mguu wa kitanda. Alikuwa amesogeza kikopo chenye mche wa lengalenga, mchicha wa kwetu, ili mwanga uuangukie. Nilisimama. Nilikuwa nimeutazama ukuta ule kwa miezi tisa kutoka nje na nilijua kila tofali lake. Hapakuwa na mahali pa jua kupita. Nikaenda kwenye kona nikaweka uso wangu pale ukuta unapokutana na nguzo, na upepo wa mtoni, baridi na wenye harufu ya tope, ukanipuliza jichoni.

Nilimwambia ahame. Nilimwambia vibaya, haraka haraka, nikichanganya jiwe na kiputo na kompyuta, na nilimwona akibadilika. Alikaa kitandani, mche ule miguuni pake. "Miaka mingi nimelala mu shitingi," alisema. "Mvua ikinyesha, ninaona ni kama batu banatupa mawe. Sasa niko na fasi yangu, niko na ufunguo, na weye unakuja na mambo ya picha. Unataka nirudi kule?" Nikasema ndiyo, urudi kule. Akanyanyuka akawasha jiko. Tulikunywa chai kwa mkate, na kati yetu ule mstari wa jua ukasogea polepole, ukapanda kwenye kidole cha mguu wake, ukapotea.

Désiré hakubisha niliporudi kumweleza. Alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta akafungua picha zote kama zilivyotoka kwenye kamera, kabla sijazinyoosha, akazipitisha moja baada ya nyingine, mbele, nyuma, mbele. Jengo lilikuwa linainama kuelekea mtoni taratibu, kama mtu anayesinzia kanisani. Siku iliyofuata alivaa shati lake jeupe akamwendea Afande. Nilibaki nje ya ofisi, lakini mlango ulikuwa wazi. Afande alicheka kwanza. Alisema picha imelewa, siyo jumba. Kisha sauti yake ikashuka. Alikuwa na mtu wa Kampala anayekuja kununua baada ya Krismasi, na alisema mkimbizi anayetembea mjini akisema jumba ya watu inaanguka, huyo anaweza kurudishwa kambini kwa gari ya polisi siku hiyohiyo. Désiré alimsikiliza mpaka mwisho. Aliomba ruhusa ya kumaliza kazi. "Maliza," Afande alisema. "Na picha ya Desemba, mimi nataka wapangaji wote. Wavae vizuri. Wasimame mbele ya jumba, wafurahi."

Tulirudi, Désiré akitangulia, mpaka dukani. Kisha akaniuliza ni lini mara ya mwisho mpangaji yeyote wa jengo lile amesimama upande wa mtoni saa moja asubuhi. Nikasema sidhani kama yupo. Kule kuna tope na nyuma ya choo tu. Akaitikia kwa kichwa. Aliichukua pima maji kutoka rafuni, akaipangusa kwa ncha ya shati lake jeupe, akaiweka mfukoni.

Ilikuwa Jumapili, mwisho wa Novemba, baada ya mvua iliyonyesha mfululizo mpaka watu wakasahau kuanika. Désiré alikuwa amemwambia Afande kwamba mwanga wa kusini ndio bora kwa nyuso, na Afande, ambaye siku zote aliheshimu maneno yake kuhusu mwanga, alikubali. Wapangaji walitoka wote, wanawake na vitenge vyao vya misa, watoto waliopakwa mafuta, fundi cherehani na koti alilojishonea. Yaya Riziki alikuja akapita mbele yangu bila kunitazama. Walisimama kwenye matope kati ya jengo na jiwe, migongo yao ikielekea ukuta, nyuso zikitutazama. Afande alisimama katikati na fimbo yake. Mawingu yalikaa juu ya kilima na Désiré hakubonyeza. Walisubiri. Mtoto mmoja akalia. Fundi cherehani alisema, "Wewe Désiré, hata Yesu akirudi utamwambia angoje jua," na wote wakacheka, hata Yaya. Mimi nilikuwa naangalia kiputo. Mara hii alikuwa amekiweka katikati na kukiacha hapo.

Jua likatoka. Lilitokea chini, pembeni, kutoka upande ule wa kusini-mashariki ambako hufika mwisho na mwanzo wa mwaka tu, likaukwangua ukuta wa mtoni kutoka mwanzo hadi mwisho. Sijui nilitarajia nini. Ukuta ulikuwa na tumbo. Kuanzia chini ya ghorofa ya kwanza mpaka ghorofa ya tatu ulikuwa umejaa mbele, nusu yake ikiwaka, nusu yake ikiwa kivuli cheusi, na ufa uliotoka kwenye kona ya Yaya ulikuwa umepanda juu na kugawanyika matawi kama mti. Wale watu walikuwa bado wanatutazama, wamekunja macho kwa mwanga, wanatabasamu kama walivyoambiwa. Désiré hakupaza sauti. "Sasa mugeuke," alisema.

Waligeuka. Akabonyeza mara moja. Mto ulisikika. Kisha Yaya Riziki akavua viatu vyake vya misa, akavishika mkononi, akatembea kuelekea mlangoni. Alitoka amebeba kioo. Kilipiga jua, na duara la mwanga likakimbia juu ya ukuta ule mbovu, juu ya tumbo lake, juu ya ufa, likaruka angani. Baada yake wakaingia wengine, wawili wawili, haraka na kimya, wakatoka na magodoro. Afande alibaki peke yake kwenye matope. Alikuja akakaa kwenye jiwe, karibu na miguu ya stendi. "Mbona hukuniambia?" aliuliza. Désiré akasema, "Nilikuambia, Afande." Yule mzee alitazama fimbo yake. "Uliniambia na mdomo," alisema.

Ukuta wa mtoni uliporomoka wiki chache baadaye, mchana, mvua ikiwa imeshakatika. Tuliusikia kutoka nyuma ya duka la rangi, na mama aliyetuletea maharage aliuliza kama ni radi. Hapakuwa na mtu ndani. Kalenda haikuchapwa. Afande alibomoa kilichobaki akahamia Masha kwa ng'ombe wake, na Désiré alirudi Nakivale, akapiga picha za vitambulisho mpaka mwisho wake, watu wakiwa wameketi kwenye kigoda mbele ya shuka la buluu. Yaya hakuwahi kupanga tena chumba mjini. Ana nyumba ya matofali ya udongo karibu na ziwa, amejijengea yeye mwenyewe, yenye madirisha kila upande.

Juzi, baada ya kuondoka msibani, nilipitia Mbarara nikashuka bondeni. Jiwe lipo. Alama nyekundu zimefifia lakini ukizijua utaziona. Mafunjo yamekatwa upya, kifusi kipya kimemwagwa, na mahali palepale limesimama jengo jipya, refu kuliko lile, la vioo vya buluu vinavyorudisha mawingu. Nilifungua soksi. Niliweka stendi kwenye alama, pima maji juu ya kamera, nikasubiri kiputo kitulie, nikapiga picha moja. Nyumbani niliifungua kwenye kompyuta na sikuigusa. Mistari yake ilikuwa wima, kadiri jicho langu linavyoweza kuona. Yaya alinipigia simu usiku huohuo kuuliza kama jengo jipya liko wima. Nilimwambia picha moja haisemi kitu. Lazima uwe na ya pili.

Kitu ambacho sikumwambia ni kwamba nilipokuwa ninakunja stendi, mwanamke alitokea dirishani, chini, upande wa mtoni, akitundika pazia. Aliniona na kamera. Akapangusa mikono, akarekebisha kilemba chake, akasimama wima kabisa katikati ya dirisha, akanitabasamia.